Kisanduku Kimoja Tu

Mwongozo wa kiunzi ulinihakikishia:
weka tagi moja, taja jina la kisanduku,
ukurasa wote utalala, chenyewe kitaamka.
Nikaamini. Nilikuwa orofa ya pili, Kondele,
chini yangu kinu cha mahindi kinanguruma,
unga mweupe juu ya kibodi,
na mkataba wa mizani ya miwa ya Ombeyi
umebakisha siku tisa.

Java tuliijua. Ajaksi ilikuja ndani ya kiunzi
imeshonwa tayari, kama koti la Kibuye:
unalipa, unavaa, unaondoka nalo.
Mikono ikiwa mifupi
utajifunza kutonyoosha mkono.

Siku ya kwanza niliita salio. Salio halikuitika.
Saa tatu nzima. Kumbe likishaingia jedwalini
jina lake si salio tena,
ni salio wa mstari wa saba wa jedwali wa fomu,
kama mtoto anayeitwa kwa ukoo mzima,
na ukiruka babu mmoja hageuki.

Siku ya pili nikaficha ujumbe wa kosa
mpaka kosa litokee. Kosa likatokea, ujumbe haukuja.
Kisichokuwapo tangu mwanzo kiunzi hakikiamshi;
ukijengee kwanza kibanda kitupu,
kikae hapo, kisubiri msiba.

Hayo niliyameza. Nikaenda Ombeyi, kompyuta mgongoni.

Matrekta kumi na manne yamesimama tangu alfajiri,
na muwa ukikaa juani hupungua uzito,
kila saa ni pesa ya mtu.
Jerusa Adhola, karani wa mizani miaka kumi na tisa,
huandika bila kutazama vidole.
Hapo ndipo koti lilipopasuka kwapani.

Kila tarakimu aliyobonyeza ilikwea mnara,
ikafika kwenye seva, ikarudi na kisanduku kipya
kuchukua nafasi ya kile cha zamani
chini ya vidole vyake, katikati ya namba.
Kishale kikapotea.
Wala wepesi wake haukumfaa:
kiunzi hupokea ombi moja, jingine lisubiri.
Foleni barabarani, foleni ndani ya waya.
Na kila ombi, hata la tarakimu moja,
lilibeba hali ya ukurasa mzima,
kama mtu anayetoka na godoro na kabati
kwenda dukani kununua chumvi.

Kilo 18,340 za Zakayo Onyuka
zikaingia 1,834.
Hakuna kengele. Hakuna maandishi mekundu.
Kiunzi kikikosea hunyamaza
kama mgeni aliyevunja kikombe.

Zakayo akatazama risiti, akatazama trekta,
akauliza bila hasira:
"Sufuri yangu imeenda wapi?"
Sikuwa na jibu la Kiswahili wala la Kijaluo.
La kweli lilikuwa: iko njiani, inangoja zamu.

Jerusa akavuta droo.
Daftari lililojaladiwa kwa gazeti,
wino wa buluu, saa mbili na dakika tano:
Onyuka Z., 18,340.

Usiku ule niliing'oa tagi.
Nikaandika kwa mkono mistari ishirini na mitatu:
subiri vidole vitulie,
kisha peleka namba, namba peke yake;
usiguse kisanduku chenye mtu ndani;
ukishindwa, sema.
Nguo ya kuazima haistiri maungo,
mama alizoea kusema,
akimaanisha mambo mengine kabisa.

Sisemi kiunzi ni kibaya. Kwa fomu za ofisini,
za watu wanaojaza polepole chai ikipoa,
kinatosha, na mara nyingi nimekishukuru.
Ila aliyekishona
hakupima vidole vya Jerusa.

Sasa kishale kinatulia. Zakayo hupata sufuri zake.
Stima ikikatika, kikao hufa,
ukurasa hurudi na kudai muda umekwisha.
Hilo sijalitibu.
Jerusa hajaniuliza litapona lini.
Januari alinunua daftari jipya,
kurasa mia mbili.